Ibn al-Baytar: Mwanachuoni wa Mimea, Kutoka Malaga Hadi Damascus

Sifa zote njema ni za Allaah, na Swala na Salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), pamoja na Aali zake na Swahaba zake.

Katika kuendelea na maisha ya wanavyuoni wetu waliotangulia, leo tumemchagua mtu ambaye jina lake limo katika takriban kila kitabu cha historia ya tiba, lakini majumbani mwetu hatajwi sana. Ni Dhiyaa-ud-Din Abu Muhammad 'Abdullaah bin Ahmad, maarufu kwa jina la Ibn al-Baytar, yaani mtoto wa mganga wa wanyama. Wengine walimwita al-Malaqi kwa mji aliozaliwa, na wengine al-'Ashshab au an-Nabati, kwa sababu kazi yake ilikuwa ni majani na mimea.

Tumemchagua kwa sababu iliyo karibu nasi. Hapa visiwani hakuna nyumba isiyokuwa na dawa ya majani. Mtoto akishikwa na tumbo, bibi anakwenda nyuma ya nyumba. Mzee akiumwa na miguu, kuna mtu anaijua dawa yake sokoni. Na kila mwenye kuchuma jani, ajue au asijue, amekwishajibu suali moja zito: je, hili ndilo jani lenyewe, au ni jengine linalofanana nalo? Ibn al-Baytar aliutoa umri wake wote katika suali hilo.

Alizaliwa Malaga, kusini mwa Andalus, mwishoni mwa karne ya 6 ya Hijria (mwishoni mwa karne ya 12 Miladia). Zama hizo hazikuwa za raha. Mwaka 609 H (1212 M) jeshi la al-Muwahhidun lilishindwa vibaya katika vita vya al-'Iqab, na kuanzia hapo miji ya Waislamu ya Andalus ikawa inaondoka mmoja baada ya mmoja. Kijana huyu alikulia ndani ya kipindi hicho, naye akaenda kusoma Ishbiliya, mji ambao leo unaitwa Sevilla.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Abul-'Abbas an-Nabati, anayejulikana pia kwa jina la Ibn ar-Rumiyya. Huyu anastahiki kusimamiwa kidogo, kwani wengi hawatarajii. Alikuwa ni mtu wa Hadithi, aliyehifadhi na kuzijua njia za wapokezi, mfuasi wa madhehebu ya Dhahiri aliyekipenda sana chuo cha Ibn Hazm. Na mtu huyo huyo alikuwa na duka la majani ya dawa mjini Ishbiliya. Sisi hatuoni ajabu katika mkusanyiko huo. Mtu aliyezoea kuuliza Hadithi hii kaipokea nani, na kutoka kwa nani, na je walikutana kweli, hawezi kuingia katika elimu ya mimea akakubali kila lisemwalo sokoni. Atauliza: nani kauona mti huu? Kauona wapi? Ulikuwa na maua gani?

Abul-'Abbas alisafiri kwenda Hijja, akapita Misri mwaka 613 H, na Mfalme al-'Adil akamkaribisha Cairo na kumtaka abaki kwa heshima na mshahara. Akakataa. Alikuwa ametoka kwa ajili ya Hijja, na baada ya Hijja alitaka kurudi kwa watu wake. Akapita Hijaz, Iraq na Sham akiandika mimea aliyoiona njiani, kisha akarejea Ishbiliya na kufia huko mwaka 637 H. Mwanafunzi wake alifuata njia hiyo hiyo kuelekea Mashariki, lakini yeye hakurudi tena.

Ibn al-Baytar aliondoka Andalus kiasi cha mwaka 617 H (1220 M), akiwa bado kijana. Alipita pwani ya Afrika ya Kaskazini: Bijaya, Qusantina, Tunis, Tarabulus, Barqa. Baadaye akaonekana katika nchi ya Rum, yaani Anatolia, na akafika katika ardhi za Wagiriki, akiwatafuta wajuzi wa fani hii na kuiona mimea pale inapoota. Hilo la mwisho ndilo lililomtofautisha na matabibu wengi wa wakati wake. Wao walisoma kitabu cha Dioscorides, Mgiriki wa karne ya kwanza, kilichofasiriwa kwa Kiarabu Baghdad, na wakatosheka. Kitabu kilikuwa kizuri, lakini kiliandikwa kwa Kigiriki na mtu aliyeiona mimea ya kwao, na majina mengi yaliingia Kiarabu kama yalivyo, bila ya mtu kujua ni mti gani unaokusudiwa. Tabibu wa Marrakesh anasoma jina la Kigiriki, muuza dawa anampa anachokifikiri, na mgonjwa ndiye anayekinywa.

Katika safari ile ya Afrika ya Kaskazini kuna kisa kimoja ambacho tunapenda kukieleza kwa urefu kidogo.

Katika upande wa Bijaya alilikuta jani ambalo Mabarbari waliliita atrilal, maana yake kwa lugha yao ni mguu wa ndege. Waarabu wengine wakiliita mguu wa kunguru. Kulikuwa na watu wa kabila moja waliolijua jani hilo kuwa linatibu mbalanga, ule ugonjwa unaoacha mabaka meupe katika ngozi. Waliifanya siri, wakiirithishana wazazi na watoto, na watu wakiwaendea kutoka mbali kutafuta dawa bila ya kuambiwa ni nini. Siri ikatoka, na Ibn al-Baytar akaandika namna inavyotumika: mgonjwa hupewa mbegu zake, kisha hukaa juani na kuyaweka wazi mabaka yake mpaka ngozi ipate malengelenge, na baada ya hapo rangi huanza kurudi. Wataalamu walikuja kulithibitisha hili katika karne ya 20. Nchini Misri walitoa katika mbegu za mmea huo dutu inayoifanya ngozi iathirike zaidi na mwangaza, na hospitali nyingi duniani zikaitumia pamoja na taa maalumu kutibu mbalanga. Dutu hiyo hiyo, bila ya kipimo, huunguza ngozi vibaya. Kwa hiyo msomaji asije akatafuta mbegu hizo na kumkalisha mtoto wake juani. Kazi hiyo ni ya daktari wa ngozi.

Lakini kisa hiki kina upande wa pili. Atrilal ni katika ukoo wa mimea ambayo maua yake yamejipanga mfano wa mwavuli: vijiti vyembamba vinatoka pahala pamoja, na juu ya kila kijiti kuna maua madogo. Kotmiri imo katika ukoo huo, na bizari nyembamba, na karoti, na shamari. Na ndani ya ukoo huo huo kuna mmea Waarabu waliouita shaukaran, sumu ambayo Wagiriki wa kale walikuwa wakiwanywesha waliohukumiwa kufa. Mwavuli ni ule ule, majani yamekatika kwa namna moja, urefu unakaribiana. Mtu anayejua mmoja tu anaweza kuuchuma mwengine akidhani ni uleule. Anayeijua tofauti ataangalia shina kama lina madoa mekundu, ataangalia mbegu, atanusa. Ndiyo maana Ibn al-Baytar hakuridhika kuandika jina na faida. Aliandika umbo, pahala unapoota, na majina kwa lugha nyingi alizoweza: Kiarabu, Kigiriki, Kibarbari, Kifursi, na lugha ya watu wa Andalus, na akabainisha herufi na irabu zake ili mwandishi anayenakili asije akaligeuza.

Alipofika Misri, mtawala alikuwa ni al-Malik al-Kamil, mtoto wa yule al-'Adil aliyekataliwa na Abul-'Abbas. Al-Kamil akamfanya mkuu wa watu wa majani na dawa katika Misri yote. Hakikuwa cheo cha mapambo. Waliokuwa wakiuza dawa walikuwa chini ya uangalizi wake, na pale ndipo makosa ya vitabuni yalipokuwa yakigeuka kuwa makosa ya mikononi. Utawala wa al-Kamil ulipofika Sham, Ibn al-Baytar naye akapata nafasi ya kuzunguka milima na mabonde ya huko. Al-Kamil alifariki Damascus mwaka 635 H (1238 M), na mtoto wake as-Salih Ayyub akaendelea kumheshimu tabibu huyu kama baba yake alivyofanya.

Mengi tunayoyajua kuhusu tabia yake yametoka kwa mwanafunzi wake Ibn Abi Usaybi'a, aliyeandika tabaka za matabibu. Alikutana naye Damascus mwaka 633 H na wakatoka pamoja nje ya mji kuchuma mimea. Anaeleza kwamba alimkuta ni mtu mzuri wa maingiliano, mwenye ukarimu na tabia njema. Wakikaa darasani mbele yao kuna vitabu vya Dioscorides, Galen, al-Ghafiqi na wengineo. Ibn al-Baytar hutaja dawa kwa jina lake la Kigiriki kama alivyolihakiki katika nchi ya Rum, kisha aliyoyasema Dioscorides juu ya sifa zake, kisha ya Galen, kisha ya waliokuja baadaye, na wapi walikhitilafiana na nani alikosea. Mwanafunzi alikuwa akirudi kuvipitia vitabu na kukuta hakuna kilichoachwa. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba kila dawa aliitaja pamoja na nambari ya makala iliyomo na ni ya ngapi katika makala hiyo. Wenye kujua namna mahafidhu wa Hadithi walivyokuwa watauona mkono wa Abul-'Abbas katika jambo hili.

Kitabu chake kikubwa ni al-Jami' li-Mufradat al-Adwiya wal-Aghdhiya, mkusanyiko wa dawa na vyakula, kimoja kimoja. Ndani yake mna zaidi ya vitu 1,400, vingi vikiwa ni mimea, na kiasi cha 300 havikuwa vimeandikwa na waliomtangulia. Amewataja waandishi wapatao 150. Katika utangulizi ameeleza sharti zake, na kubwa kati ya hizo ni kwamba aliloliona kwa macho yake na kulijaribu amelishika, na lililopingana na aliyoyashuhudia ameliacha, awe aliyelisema ni wa kale au wa karibuni. Kuna pia al-Mughni, alichokipanga kwa viungo vya mwili, na al-Ibana wal-I'lam, alichoandika kuyasahihisha makosa ya kitabu cha Ibn Jazla wa Baghdad.

Al-Jami' amekipanga kwa herufi za alfabeti, na mpangilio huu unamfaa mwenye kutafuta dawa kwa haraka. Haumwambii kitu juu ya udugu wa mimea yenyewe. Mti wa matunda unakaa jirani na jani la kisimani kwa kuwa tu majina yao yanaanza na herufi moja. Kwa ajili ya wazazi wanaosoma pamoja na watoto wao wa skuli, tutayachukua baadhi ya majina yaliyomo katika al-Jami' na kuyaweka pale ambapo elimu ya leo inayaweka.

Tuanze na jina linalodanganya: kuzburat al-bi'r, yaani kotmiri ya kisima. Vijani vyake vidogo kweli vinashabihiana na vya kotmiri, na huota katika kuta za visima na penye maji yanayochuruzika. Lakini si kotmiri na wala haihusiani nayo. Ni katika kundi la makangaga. Kangaga lina mizizi, lina shina, na ndani yake mna mishipa ya kupandisha maji, kwa hiyo linaweza kuwa refu. Lisichokuwa nacho ni ua wala mbegu. Dioscorides aliligundua hilo tangu zamani, na Ibn al-Baytar akalinukuu alipoieleza sarakhs, ambayo nayo ni kangaga: halina ua, halina tunda. Ligeuze jani lake utaona vidoti vya rangi ya kahawia chini. Mna vumbi jembamba liitwalo spora, na hilo ndilo huzaa, kwa sharti la unyevu. Dhanab al-khayl, mkia wa farasi, nao unahesabiwa pamoja nayo. Makangaga ni zaidi ya aina 10,000.

Chini ya hayo kuna mimea midogo zaidi, yale majani laini ya kijani yanayoshika ukuta wa birika na mawe yenye kivuli, ambayo wengi wetu tunayaona kuwa ni uchafu wa kukwangua. Vitabu vya skuli vinayaita mosi. Hayana mizizi ya kweli wala mishipa ya maji. Yanakunywa kwa mwili mzima, na ndiyo maana hayanyanyuki zaidi ya vidole vichache. Nayo huzaa kwa spora na hayawezi bila ya maji.

Kisha kuna sanawbar na sarw. Sanawbar ndiyo neno lililotupa sisi msonobari. Hapa pametokea jambo kubwa: mbegu. Mti wenye mbegu haungoji tena tone la maji ili uzae. Chavua hupeperushwa na upepo, na mtoto wa mti hufungiwa akiba ya chakula akasafiri nayo. Lakini mbegu ya msonobari iko wazi, imekaa juu ya magamba ya koni, haikufunikwa na tunda. Aina za kundi hili si nyingi, kiasi cha 1,000 tu. Hapa kwetu yumo mtapo, unaofanana na mnazi mfupi lakini unatoa koni katikati ya kichwa chake. Mvinje hauhusiani, ingawa wageni wakiuona ufukweni wanadhani ni msonobari. Zile zinazoonekana kuwa ni sindano ni vijitawi vyenye vifundo, mfano wa mkia wa farasi, na mvinje una maua, madogo mno. Tazama basi: mti mmoja unafanana na makundi mawili, nao ni wa kundi la tatu.

Kundi hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, mimea ya maua, aina zipatazo 300,000. Mbegu zake zimehifadhiwa ndani ya tunda. Karibu kila tunachokila kinatoka humo. Al-Jami' inazungumzia narjil, ambayo ni nazi, na qaranful, ambayo ni karafuu, vitu viwili ambavyo mwandishi wake alivijua kama bidhaa za mbali zilizofika kwa merikebu. Mkarafuu wenyewe ulikuja kufika Unguja na Pemba katika karne ya 19, miaka takriban 600 baada yake. Miti hii miwili ni mfano mzuri wa matawi makubwa ya mimea ya maua. Mnazi huanza na jani moja la mbegu, mishipa ya majani yake imelala sambamba, mizizi yake ni mingi na myembamba bila ya mzizi mkuu, na shina lake halinenepi kwa kuongeza tabaka. Ndiyo maana ngazi alizokata mkwezi katika mnazi zinabaki hapo umri wote wa mti, hazifunikwi. Mpunga, mgomba na mtangawizi wako upande huo. Mkarafuu huanza na majani mawili ya mbegu, mishipa ya majani yake imesukana kama wavu, na shina lake hunenepa mwaka hata mwaka. Na ile karafuu tunayoianika si tunda wala mbegu, bali ni ua ambalo halijafunguka. Likiachwa mtini hufungua, na petali zake ni nne.

Ibn al-Baytar hakuyapanga hivi, na hakuna aliyekuwa na darubini ya kumwonesha kinachotokea ndani ya spora. Alioyaonesha hayo vizuri ni Wilhelm Hofmeister, muuza vitabu na karatasi za muziki wa mji wa Leipzig, Ujerumani, aliyekuwa akiisoma mimea alfajiri kabla ya kufungua duka, na akachapisha kazi yake mwaka 1851. Naye pia, kama Abul-'Abbas, alikuwa ni mtu wa duka. Hakuna hata mmoja wa wawili hao aliyesubiri apewe kiti cha chuo kikuu ndipo aanze kuangalia.

Ibn al-Baytar alifariki Damascus kwa ghafla, mwezi wa Sha'ban mwaka 646 H. Kwa hesabu ya Miladia huo ulikuwa ni mwisho wa mwaka 1248, na katika mwezi huo huo Ishbiliya, mji aliosomea, ulisalimu amri kwa Mfalme Ferdinand wa Castilla baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka. Malaga alikozaliwa ilibaki mikononi mwa Waislamu mpaka mwaka 1487.

Al-Jami' iliendelea kunakiliwa kwa mkono katika nchi za Waarabu na Waturuki. Ilifasiriwa kwa Kijerumani na Joseph von Sontheimer mwaka 1840 hadi 1842, tafsiri ambayo wajuzi waliilalamikia, kisha kwa Kifaransa na tabibu Lucien Leclerc kati ya 1877 na 1883. Kwa Kiarabu ilipigwa chapa Bulaq, Misri, mwaka 1291 H (1874 M), juzuu nne, na chapa hiyo ndiyo ambayo hadi leo hutolewa nakala na kuuzwa katika maduka ya vitabu ya Cairo na Beirut. Allaah Amrehemu, na Awarehemu walimu wake.

Na Allaah Anajua zaidi.